Arobaini ya Bwana Ngwali

Jana mchana, nimeshiba wali na mchuzi wa samaki tasi, niliota. Nasema mchana kwa sababu ndoto za usiku watu wamezizoea, kila mtu anayo tafsiri yake. Ya mchana haina mwenyewe. Ukiisimulia utaambiwa ni shibe tu.

Shibe sikatai. Lakini kwanza nieleze nilikuwa nimetoka wapi kabla ya kulala, msije mkadhani ndoto ilinivamia bila sababu.

Mimi ni Miza binti Khatibu wa Mwanda Pwani, na kazi yangu ni mwani. Maji yakipwa, wanawake tunateremka na kamba zetu, tunazifunga kwenye vigingi tulivyopigilia mchangani, na kwenye kila kamba tunaning'iniza vipande vya mwani kwa vijikamba vidogo tunavyoviita taitai. Kwa kufunga taitai hakuna anayenifikia pwani nzima. Nalisema hili bila majivuno, kwa kuwa ni kweli. Shamba langu lina kamba thelathini na nane. La wifi yangu Jokha, dada wa mume wangu, lina kamba arobaini. Mnaona wenyewe tatizo lilipo.

Kati ya shamba langu na lake pana kipande cha majani ya bahari, yale marefu yanayolala maji yakipwa na kusimama maji yakijaa. Hayakuwa ya mtu. Jokha akisema yapo upande wake, mimi nikisema yapo upande wangu, na kila mmoja alikuwa akingoja mwenzake ashikwe na homa. Jana bamvua lilikuwa kubwa, maji yakapwa mbali, nikamuwahi. Niling'oa nusu nzima kwa mikono yangu, mizizi na yote, nikapigilia vigingi. Nusu iliyobaki niliiwekea nia ya leo.

Jokha alipofika alisimama akatazama.

"Wifi, leo hukulala?"

"Aliyelala ni wewe."

Tukaachana hapo. Nikarudi nyumbani, nikapika, nikala, na mume wangu Mcha akala zaidi, kisha akajilaza barazani kama desturi yake. Nami nikajitupa kitandani. Kuja kutahamaki, nipo baharini.

Nimesimama pale pale nilipong'oa. Maji yamejaa, yamenipita kichwa, nami napumua vizuri tu, vizuri kuliko jikoni kwangu. Hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba kanga niliyovaa ilikuwa imepigwa pasi.

Mara naona kitu kinakuja, wima, polepole, kama mtu anayeingia msibani asijue akae wapi. Ni farasi wa baharini. Kichwa cha farasi, mkia wa kinyonga, na tumbo limetangulia mbele. Anafika, anauzungusha mkia wake kwenye kidole changu cha mwisho mara tatu, anakaza, halafu ndiyo anasema:

"Hodi."

"Hodi gani ya mtu aliyekwisha kushika?"

"Niwie radhi, bibi. Nilikuwa nimeshika jani. Jani limeondoka na wewe asubuhi. Tangu hapo nashika maji, na maji hayashikiki."

Alikuwa mpole, na sauti yake ya mtu aliyelelewa vizuri. Jina lake aliniambia ni Ngwali. Jicho lake la kulia lilinitazama mimi, la kushoto lilitazama nyuma, kila moja na shughuli zake. Nilimuuliza nizungumze na lipi. Akasema la kulia ndilo la wageni.

"Na tumbo hilo, Bwana Ngwali?"

"Nina mimba."

"Wewe?"

"Kwetu mwanamume ndiye anayebeba. Mke ananipa mayai, mimi nayatia mfukoni hapa tumboni, wiki tatu hivi nazaa. Kwenu anabeba nani?"

"Tunabeba sisi."

Akafikiri kidogo. "Na wanaume wenu wanafanya nini?"

Nilitafuta jibu. Nilitafuta kwa dhati, huku na huku. "Wanalala barazani," nikasema.

"Alaa," akasema kwa heshima, kama mtu aliyeelezwa mila za nchi ya mbali.

Wakati wote huo alikuwa akifyonza vidudu vidogo vya majini kwa mdomo wake wa mrija, chwi, chwi, bila kuona haya. Alinieleza kuwa hana tumbo la chakula. Kinachoingia kinapita moja kwa moja, kwa hiyo akiacha kula ili awaze jambo moja refu, atakufa na njaa. Ndiyo maana, alisema, wao hawana wanafalsafa.

Nikamwambia ashike tu, kidole kimoja hakinipunguzii kitu. Kumbe nimefungua mlango. Wanakuja wawili wawili, wanakuja kumi kumi, wima, na kila mmoja anasema hodi baada ya kushika. Wananishika vidole, wananishika mikia ya nywele, wananishika pindo la kanga na vipuli vya masikioni. Mmoja, mzee wa makamo, alinishika kope la jicho na kuniomba nisipepese mpaka apate usingizi.

"Jamani," nikasema, "mimi si jani."

"Sheria ya hapa ni fupi, Bi Miza," akajibu Bwana Ngwali. "Aliyeng'oa jani ndiye jani."

"Imeandikwa wapi?"

"Haikuandikwa. Chini ya maji wino haukai."

Nikapewa kazi zangu. Kusimama. Kuinama kushoto maji yakienda kushoto, na kulia yakienda kulia. Kushika mchanga kwa nyayo usikimbie. Kuwaficha samaki wachanga kwapani. Na kweli, waliletwa wanne, wakafichwa, wakanitekenya.

"Na wakati ukifika, kuchanua," akamalizia Bwana Ngwali.

"Majani ya bahari yanachanua?"

"Yanachanua, humu humu majini. Hujapata kuona?"

Miaka ishirini nayakanyaga, na sijapata kuona. Nikamwambia mimi sichanui. Akasema nijaribu. Nikajaribu, kwa haya nyingi, na nyuma ya sikio langu la kushoto kikatoka kiua kidogo cheupe kisicho na harufu. Hakuna aliyenipongeza. Walisema nimechelewa siku mbili.

Hapo hapo, bila mtu kuinua mguu, tukawa sebuleni kwa Jokha.

Zulia lake lile lile, makochi yake yale yale yenye vitambaa vya kufuma, ila maji yanaingia dirishani na kutokea mlangoni. Jokha mwenyewe anazunguka na sinia la kahawa, na kila kikombe kina farasi ameshika mkono wa kikombe. Amefurahi kupita kiasi.

"Karibu wifi," akaniambia. "Leo ndiyo kesi yako."

Kwenye kochi kubwa alikuwa amelala Mwenyekiti. Ni jongoo bahari, mweusi, mnene. Hana uso, kwa hiyo hakuna aliyejua anatazama upande gani, na kila mtu alikaa kwa adabu akidhani anatazamwa yeye.

Akaitwa shahidi. Shahidi akaja na mchuzi wake, anadondoka manjano kwenye zulia, na Jokha hakusema kitu, wakati mimi nikimwaga maji tu hapo husemwa wiki nzima.

"Unanifahamu?" akaniuliza.

"Sura si ngeni."

"Mimi ni tasi. Umenila mchana huu."

Nikainamisha kichwa. Mtu aliyekula chakula chake hategemei kukutana nacho mbele ya watu.

"Sina kinyongo," akasema tasi. "Nimezaliwa katika majani yale, nimekula humo, nimekua humo, nikanaswa kwenye dema la wavuvi humo humo. Ndiyo maisha. Nina maneno mawili tu. La kwanza, mchuzi wako ulipungua ndimu."

"Ndimu zilikwisha."

"La pili ndilo hilo hilo. Majani yakiisha, na sisi tumekwisha. Utamwaga mchuzi wako juu ya nini?"

Akaenda akakaa kwenye sahani.

Hapo kesi ikasimama. Ameingia Bi Mwatumu, mke wa Bwana Ngwali, na Mwenyekiti mwenyewe alisogea kumpisha. Sikuelewa. Jokha akaninong'oneza, "Nyamaza wifi, anamwamkia mumewe."

Bi Mwatumu alikuwa wa kijivu alipoingia. Alipomwona Bwana Ngwali akaanza kugeuka manjano, taratibu, kuanzia shingoni. Bwana Ngwali, bado yupo kidoleni kwangu, naye akageuka manjano. Wakaunganisha mikia, wakazunguka mguu wa meza mara tatu, nami nikazunguka nao kwa kuwa kidole ni changu. Hawakuharakisha hata kidogo.

"Umelalaje, bwana?"

"Salama. Na wewe?"

"Salama."

Kisha akaondoka kwenda zake, na kesi ikaendelea.

"Kila siku?" nikamuuliza Bwana Ngwali kwa sauti ndogo.

"Kila asubuhi. Asiyeamkiwa atajuaje kama bado yumo ndoani?"

Niliona wivu, nasema wazi. Mimi na Mcha tuna miaka kumi na tisa ya ndoa, na salamu yangu ya asubuhi kwake ni kumwambia anyanyuke nikunje mkeka.

Mwenyekiti akatoa hukumu. Hakusema kitu, lilitoka povu moja, likapanda mpaka darini, na sote tukalifahamu. Nichague. Ama niiache nusu iliyobaki, na niliyoing'oa niirudishe. Ama nibaki jani.

Nikaomba muda wa kutafakari. Uso wangu ulikuwa unatafakari, lakini moyoni nilikuwa nahesabu. Nusu niliyokwisha kuing'oa inaingia kamba nne. Thelathini na nane na nne ni arobaini na mbili. Nusu iliyobaki inaingia nne nyingine. Arobaini na sita, na Jokha na arobaini zake. Hivyo ndivyo nilivyo, sijifichi.

"Bi Miza," akasema Bwana Ngwali, na mkia wake ukanibana kidole mpaka nikauma meno. "Kesi itangoja. Uchungu huu."

Sebule ikatoweka. Tupo tena baharini, shambani kwangu, na maji yanapwa kwa kasi, yanavuta kila kitu kuelekea mkondo mkubwa. Bwana Ngwali anajikunja na kujinyoosha, anajikunja na kujinyoosha, na mimi, ambaye nimezaa wanne na kuwashika mkono wazazi wasio na idadi, nasikia mdomo wangu unasema yale yale ya siku zote: "Vuta pumzi. Hivyo hivyo. Usipige kelele, zitakumaliza nguvu."

Tumbo likafunguka. Wakatoka ishirini kwa mpigo. Wakatoka tena thelathini. Kila mmoja ni mdogo kama punje ya mchele na amekamilika, kichwa, macho, mkia, na mikia yote imejikunja, inatafuta.

"Washike kitu!" akalia Bwana Ngwali. "Asiyeshika anachukuliwa na maji!"

Washike nini? Upande wangu kuna mchanga, vigingi na kamba tupu. Wa kwanza wakakimbilia nusu ya majani iliyobaki, wakaijaza, jani moja watoto kumi, majani yakainama kwa uzito. Waliofuata wakanijia mimi. Vidole vilikwisha jaa wazee wao, nywele zimejaa, kope zimejaa. Nikapapasa kiunoni na kukuta fungu langu la taitai.

Basi nikafunga. Sijapata kufunga vile na sidhani nitafunga tena. Nafunga taitai kwenye kamba, naiacha ncha inaning'inia, mtoto anashika, nafunga nyingine, mwingine anashika. Mia moja, mia mbili, mia tatu, mikono yangu inakwenda yenyewe. Nilijiona nimeshinda. Nikasema kwa sauti, "Aje Jokha anione!" Nikapeleka mkono kiunoni kuchukua nyingine, na fungu limekwisha.

Watoto walikuwa bado wanatoka.

Mmoja akapita mbele ya uso wangu. Mkia wake umejikunja tayari kushika, na hauna cha kushika. Akaniita, "Jani! Jani!" kama mtoto anavyomwita mtu mzima asiyemjua jina. Nilinyoosha mkono, na kila kidole kilikuwa na mtu. Maji yakampeleka. Nyuma yake wakapita wengine, wengi, na kila mmoja akaniita hivyo hivyo, kwa adabu, mpaka sauti zikawa mbali.

Nililia. Ndani ya bahari machozi hayaonekani, lakini nililia, na wala si kwa ajili ya kamba.

"Siing'oi," nikasema. "Nusu iliyobaki siing'oi."

"Na Bi Jokha?" akauliza Bwana Ngwali, hoi.

Nikayatazama majani yaliyobaki. Jokha ana mikono yake, na mimi kwa Jokha sina neno linalosikika. Tangu niolewe hatujawahi kuombana hata chumvi.

Tumbo la Bwana Ngwali sasa lilikuwa limenywea kama mfuko mtupu. Nikamwonea huruma, na kwa mazoea, bila kufikiri, nikafanya kosa ambalo angelifanya mwanamke yeyote wa kwetu. Nikamwambia, "Pole, mzazi. Sasa ni arobaini yako tu."

"Arobaini ni nini?"

Nikamweleza. Kwetu sisi aliyejifungua hukaa ndani siku arobaini. Hashiki ufagio wala ndoo. Hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, hufungwa mkaja tumboni, hunyweshwa uji wa pilipili manga, hupikiwa supu. Watu huja kumtazama na kumwambia mtoto kafanana na baba yake, hata kama hakufanana na mtu.

Kwa mara ya kwanza macho yake yote mawili yakanitazama mimi kwa pamoja.

"Siku arobaini?"

"Arobaini."

"Mimi hupumzika tangu adhuhuri mpaka alasiri," akasema. "Nimezaa mara hamsini na moja, Bi Miza. Hakuna aliyeniambia." Akaanza kulia taratibu. Wanaume wengine walionishika nywele wakaulizana kasema nini, wakaambiwa, na lile neno likaanza kunong'onwa kichwani mwangu kutoka msuko hadi msuko: arobaini, arobaini, arobaini.

Bi Mwatumu akatokea. Ameshageuka manjano na amejaa mayai.

"Bwana, nipo tayari."

"Mke wangu," akasema Bwana Ngwali, akivuta pumzi, "mimi nipo arobaini."

Bi Mwatumu akanigeuzia jicho moja, na lilitosha.

"Umemwambia nini mume wangu?"

"Ni mila zetu tu, mwenzangu. Sikukusudia."

"Mila zenu zinazuia mayai? Haya yameiva. Yanataka mfuko leo, si mwezi ujao." Akatulia, akauliza kama mtu anayetaka kuelewa: "Kwenu, mtu akiwa arobaini, kazi zake hufanya nani?"

"Humsaidia jamaa. Ndugu, majirani."

"Basi saidieni."

Nikatazama huku na huku. Hapakuwa na jamaa mwingine.

"Mimi siwezi," nikasema. "Mimi mwanamke."

"Najua. Nyumbani kwako una mwanamume?"

"Ninaye."

"Sasa hivi ana kazi gani?"

"Amelala barazani."

"Tumboni ana nafasi?"

Wallahi nilijibu kwa nia njema. Mtu akiulizwa swali hujibu. "Nafasi," nikasema, "anayo."

Tukawa barazani kwangu. Bahari imepanda mpaka ngazi ya tatu na inagonga gonga viatu vya Mcha. Mwenyewe amelala chali, mdomo wazi, msuli umelegea. Bi Mwatumu akamzunguka mara tatu, wa manjano kabisa, bila kuharakisha. Mcha akatabasamu usingizini. Tabasamu lile mara ya mwisho nililiona siku ya harusi yetu.

"Umemuuliza?" nikasema.

"Nimemwamkia, akakubali." Bi Mwatumu akafuta uso wake, alikuwa amerudi kijivu na mayai hana tena. "Yeye ni mgeni wa kazi hii, atakwenda taratibu. Siku arobaini. Siku hiyo ya kuzaa umlete majanini."

"Na kama majani hayapo?"

Hakunijibu yeye. Alinijibu Bwana Ngwali. "Leo umewaona," akasema. Kisha akakunjua mkia wake kidoleni kwangu, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaniachia.

Nikaamka. Alasiri ilikuwa inaadhiniwa. Kanga yangu imelowa jasho na imekunjamana vibaya. Nikajisemea, ndiyo malipo ya kulalia tasi. Nikanawa uso, nikatoka nje.

Mcha alikuwa amesimama. Saa zile, katika miaka kumi na tisa, sijapata kumwona amesimama. Mkono mmoja amekumbatia nguzo ya baraza, mwingine ameuweka tumboni, chini kidogo ya kitovu.

"Mbona umesimama?"

"Nikikaa nasikia vibaya. Heri nisimame nishike kitu." Akameza mate. "Miza, hebu funika lile sufuria la tasi. Harufu yake inanichafua moyo."

Mcha huyo huyo ambaye hulamba mpaka kichwa cha samaki. Nikalifunika. Nikarudi, nikamtazama, naye akatazama chini kwa haya.

"Na ukipita dukani," akasema, "uninunulie udongo kidogo. Ule wa kulamba, wanaolamba wanawake wenye mimba. Usiniulize kwa nini. Nautaka tu."

Sikumuuliza. Nilimletea kiti, nikamletea na mto, nikamwambia asinyanyue kitu kizito. Kisha nikajifunga kanga vizuri nikaenda kwa Jokha.

Nilimkuta uani anachonga vigingi kwa panga. Alikwisha chonga kumi na viwili, na nilijua vinakwenda kupigiliwa wapi. Hakuinua kichwa.

"Umekuja kunitukana?"

"Nimekuja kukuomba, wifi."

Panga likasimama hewani. Neno lile halikuwa limepita kati yetu tangu niolewe.

"Yale majani yaliyobaki," nikasema, "usiyang'oe. Mimi pia siyang'oi. Na niliyoyang'oa jana... leo... haya ya asubuhi, kesho maji yakipwa nitayarudisha mchangani, mche kwa mche. Mikono yangu miwili haitatosha. Nakuomba unisaidie."

Jokha alinitazama kama anayetazama mtu aliyepandwa na homa. "Majani tu hayo, Miza. Umeyagombania mwaka mzima. Ya nani leo, hata uje kuyaombea?"

Nikatafuta namna ya kulisema, sikuipata, nikalisema lilivyo.

"Ya kaka yako. Akijifungua, watoto watataka pa kushika."

Jokha hakucheka. Alitazama upande wa nyumba yetu, akatazama vigingi vyake, kisha akaliweka panga chini taratibu.

"Maskini kaka yangu," akasema. "Anakula lakini?"